Maneno Ukutani

Ewe msomaji, huenda umewahi kuketi darasani madirisha yakafungwa, projekta ikawashwa, na ukutani yakatokea maneno yaliyopangwa mstari kwa mstari. Mwalimu aliyasoma; nawe ukayanakili. Kipindi kilipokwisha daftari lako lilikuwa na kurasa mbili zilizojaa. Nakuuliza: ulijifunza nini?

Siulizi kwa kuidharau slaidi. Kila chombo cha kufundishia kina tabia yake, na tabia ya slaidi ni kukata maneno yakawa vipande. Programu ya PowerPoint, iliyotoka mwaka 1987, ilikusudiwa mikutano ya kazi na biashara. Kilicho kikuu huandikwa kwa herufi kubwa, na kilicho chini yake kwa herufi ndogo; nasi macho yetu huamini kwamba ndivyo mambo yenyewe yalivyo.

Tazama basi slaidi moja iliyoandikwa na watu wenye elimu nyingi. Mwezi wa Januari 2003, Columbia, chombo cha anga cha Marekani, kilipokuwa kikipaa, kipande cha povu gumu kilibanduka katika tangi lake kikalipiga bawa la kushoto. Wahandisi waliwaeleza wakuu wao jambo hilo kwa slaidi. Kichwa cha mojawapo kilidokeza usalama. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na habari kwamba ukubwa wa kipande hicho ulikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1,920, hali kile cha majaribio kilikuwa 3 tu. Yaani mara 640! Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika angani kikirudi, wakafa watu wote 7 waliokuwamo. Edward Tufte, mhakiki wa michoro na takwimu, aliichambua slaidi ile neno kwa neno, na tume iliyochunguza ajali ikautia uchambuzi wake katika ripoti yake. Sisemi kwamba slaidi ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba jambo kubwa lilikuwa mbele ya macho ya watu, wala halikuonekana.

Darasani hapotei mtu roho, lakini ugonjwa ni ule ule. Chukua somo la moyo. Mwalimu aweka mistari minane na kuisoma. Sikio lasikia, na jicho lasoma maneno yale yale kwa mwendo wake, hata viwili hivyo hugombana. Richard Mayer, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, amelijaribu jambo hili, akaona kuwa mwanafunzi huelewa zaidi apewapo picha na sauti kuliko apewapo picha, sauti, na tena maandishi yanayoirudia sauti.

Mwalimu huyo na achukue chaki, ambayo, pamoja na mengine, haingojei umeme urudi. Achora chumba kimoja cha moyo, anyamaza, achora cha pili. Nawe wachora pamoja naye, na mkono wako hauwezi kukimbia mbele ya akili yako. Lakini chaki haiwezi kuonyesha vali ikifunguka na kufungika. Hapo slaidi yafaa mno, ikiwa ni picha inayotembea, isiyo na maneno, na mwalimu aieleza kwa kinywa chake. Kisha aizime, maana picha iliyokwisha kazi yake huiba macho ya darasa.

Hata hivyo kipo kitu kisichopatikana ukutani wala ubaoni. Moyo wa mbuzi hupatikana buchani. Upasuliwe mezani, kila mmoja autie kidole. Hapo mwanafunzi ambaye hajapata kuuliza swali mwaka mzima ataona kwamba ukuta wa upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, naye atauliza kwa nini. Ndipo mwalimu aeleze kwamba upande wa kulia hupeleka damu mapafuni tu, ambayo ni karibu, na wa kushoto huisukuma mwili mzima, hata kwatoni.