Ubinadamu wa Paka katika Ngano ya Sultani Majinuni

Mhusika aliyechanganya sifa za mtu na za paka hutazamiwa aonekane hivyo kwa macho: asimame kwa miguu miwili, avae, aseme. Paka wa Charles Perrault, katika hadithi iliyotolewa Ufaransa mwaka 1697, ametimiza yote hayo. Anadai mabuti, anamdanganya mfalme, anawatisha wavunaji mpaka waseme shamba ni la bwana wake, na mwishowe anakuwa mheshimiwa asiyewinda panya ila kwa kujifurahisha. Kwa kipimo hicho paka wa Sultani Majinuni, katika ngano ya Unguja iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, hana ubinadamu wowote. Hasemi hata neno moja. Hoja yetu ni kwamba kipimo chenyewe hakifai.

Tuangalie jinsi msimulizi anavyomkuza. Paka anakamata ndama. Watu wanapomshitaki, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia, na jibu ni lile lile. Kisha anakula mtoto wa mtu, kisha mtu mzima, na hukumu haibadiliki. Urudiaji huu, ambao katika ngano nyingine huwa ni pambo la kuwachangamsha wasikilizaji tu, hapa unatuonyesha sheria ikitungwa. Kila jibu la Sultani linampa mnyama haki moja zaidi ambayo kwa kawaida hupewa mtu, tena mtu wa jumba la kifalme: kutoshitakiwa, kutwaa mali ya wengine, na hatimaye kuua bila kuulizwa. Mabuti ya Perrault ni mavazi tu yakilinganishwa na hayo.

Ndipo paka anapowaua wana watatu wa Sultani mwenyewe. Siku hiyo, wala si kabla yake, Sultani anatamka kwamba huyu si paka, ni nunda. Watoto wa raia walipoliwa, alikuwa paka.

Sehemu ya pili, ya kijana mdogo anayemsaka nunda, ndiyo inayopendwa zaidi, nasi hatukatai utamu wake: kijana analeta mnyama mmoja baada ya mwingine, na mama anamwimbia kwamba siye. Lakini ni sehemu dhaifu kifikira, kwa kuwa hatia yote inarudishwa kwenye mwili wa mnyama. Nunda anauawa, watu wanashangilia, na aliyemlea haulizwi kitu.

Hata hivyo msimulizi wa Unguja hakusahau. Katika kitabu cha Steere ngano inaitwa kwa jina la Sultani, na majinuni ni mwenda wazimu. Andrew Lang alipoitoa upya kwa Kiingereza mwaka 1901, aliliondoa jina hilo juu ya ngano, akaweka la nunda mla watu.