Kasi ya Shikamoo

Musoma huwezi kumpita mzee barabarani kimya kimya. Awe anashuka Mwigobero kutafuta dagaa, awe amekaa kibarazani anaota jua, awe anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa, anastahili shikamoo yake, na kuwa mbioni si udhuru. Tena marahaba ya huku haiji peke yake. Huja na swali: "Unakimbilia wapi, mwanangu?" Ukijibu kwamba ni mazoezi tu, linafuata la pili: "Na nani anakufukuza?" Mwanagenzi wa mbio hukereka mwanzoni kwa kukatizwa namna hiyo. Akiwa na bahati, atatambua mapema kwamba wazee wale wanamfanyia kazi ya kocha, na hawamdai kitu. Anayeweza kuamkia, kusikia anavyoitikiwa na kujibu swali kwa sentensi nzima huku miguu haijasimama, yuko kwenye kasi yake. Anayetoa "shika..." halafu akameza silabi zilizobaki amezidisha.

Nausifu ustadi huu wa kukimbia polepole, kwa kuwa ndio unaomfikisha mtu kwenye mbio zake za kwanza ndefu zisizokatika: nusu saa hivi, pengine kilometa nne, bila kusimama wala kutembea. Kwa mkimbiaji mzoefu hizo ni za kupasha mwili joto. Kwa aliyezoea kukaa ofisini kutwa na kupanda bodaboda hata kwenda dukani, ni jambo kubwa, na wengi hawalifikii. Kinachowakwamisha kwa kawaida si miguu wala mapafu. Ni pupa.

Tazama anavyoanza. Asubuhi ya kwanza anatoka getini kwa kasi anayoikumbuka tangu ujana. Dakika ya kwanza ni tamu. Ya pili moyo unagonga. Ya tatu kichomi kinamshika ubavuni, anainama mikono magotini, anajiambia kwamba mbio si za watu kama yeye. Kumbe kilichomkuta kina maelezo. Mwili ukipewa kazi ghafla, moyo na mapafu huchukua dakika kadhaa kabla ya kufikisha oksijeni yote ambayo misuli inaitaka. Katika kipindi hicho misuli hujitengenezea sehemu ya nguvu zake kwa njia ya mkato isiyongoja oksijeni, na njia hiyo haidumu. Ukienda taratibu, oksijeni inawahi na unaweza kuendelea. Ukienda kasi, unakopa kila hatua, na deni linadaiwa lote kwa mpigo mmoja.

Polepole ina faida nyingine, isiyoonekana siku hiyo. Wiki hadi wiki moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli. Kano na mifupa huimarika pia, ila huchelewa kuliko moyo. Ndiyo maana mwenye bidii kupita kiasi huanza kuumwa muundi au kisigino wiki ileile anayoanza kujisikia yuko imara: pumzi imeshakubali, mifupa bado.

Ajabu ni kwamba ujuzi huu tulipewa utotoni. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaukumbuka mchakamchaka: asubuhi kabla ya masomo, mistari miwili, kiranja pembeni anaanzisha wimbo, shule nzima inaitikia, vumbi linatimka. Hakuna mwalimu aliyetueleza habari za oksijeni. Walitaka nidhamu na uchangamfu. Lakini wimbo wenyewe ulikuwa breki. Kundi haliwezi kwenda haraka kuliko linavyoweza kuitikia, na kiranja anayejua kazi yake, akisikia sauti zimepwaya, alipunguza mwendo mpaka zirudi. Wa darasa la saba walikwenda kwa pumzi ya wa darasa la tatu. Pale Rwamkoma, wilayani Butiama, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanafundishwa hivyohivyo, kwa nyimbo zenye maneno makali zaidi. Tulipomaliza shule tuliacha vyote, mbio na wimbo. Siku tunapotaka kurudi, tunazikumbuka mbio peke yake.

Kwingine duniani ilibidi jambo hilo ligunduliwe na watu wazima. Huko Auckland, New Zealand, kulikuwa na kocha aitwaye Arthur Lydiard, ambaye wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walitwaa dhahabu katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Baada ya ushindi huo aligeukia watu wa kawaida, wakiwamo waliowahi kuugua moyo, akawahimiza wakimbie kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Mwishoni mwa 1962 Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, alikwenda kumtembelea, akajiunga na kundi hilo asubuhi moja, akajikuta anaachwa nyuma na mzee aliyewahi kupata shambulio la moyo. Alirudi kwao na somo, na joging ikasambaa Marekani na kwingineko. Klabu za joging za Dar es Salaam na Mwanza, zile za fulana za sare mwishoni mwa wiki, ni wajukuu wa asubuhi ile, ila zimeongeza kitu ambacho Auckland hawakuwa nacho: zimerudisha wimbo wa mchakamchaka.

Musoma humhurumia anayeanza. Mji umekaa kwenye rasi inayoingia Ziwa Victoria, na anayeelekea Makoko au kwenye mawe ya Matvilla hupata sehemu ndefu zisizo na milima ya kumvunja moyo. Jua la kanda ya ziwa huchomoza nyuma ya lile la Dar es Salaam kwa dakika ishirini hivi, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili bado kuna kigiza na ubaridi. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyetoka Pwani asishangae akihema mapema kuliko alivyozoea. Apunguze mwendo tu, na wazee wa Makoko watamwambia kama amepunguza vya kutosha.

Kuna aibu moja ya kuondoa kabla ya kufika popote, nayo ni aibu ya kutembea. Njia ya salama kuelekea nusu saa isiyokatika ni kuanza kwa kuikata: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia; na wiki zinavyokwenda, sehemu ya kukimbia irefuke na ya kutembea ifupike mpaka siku moja isihitajike. Wengi hawataki kuonwa wakitembea, hasa mbele ya vijiwe, na kwa kukwepa macho hayo wanakimbia kupita uwezo wao, kisha wanaacha kabisa. Mkoa huu wa Mara ndio wa mwisho kustahili aibu hiyo. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari ya mwaka huo. Kama Rais wa nchi hakuona haya kutembea siku nzima mchana kweupe, karani wa Musoma anaweza kutembea dakika mbili.

Na anayetaka mfano wa mwenye kasi asiende mbali. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, kwenye ufuko wa ziwa hilihili, mwaka 1953. Moscow, Agosti 1980, alimaliza mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 21.60, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa tofauti isiyotimia sekunde moja, akapata medali ya fedha. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow. Ya pili ni ya Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kwa hiyo nusu ya medali za Olimpiki za taifa ni ya mtoto wa Majita. Kila mzunguko wa uwanja alikuwa akiumaliza kwa sekunde 64 hivi, na mwanagenzi hana la kuiga hapo. La kuiga liko katika mpangilio wa maisha yake ya mbio: marathoni ya Berlin aliishinda mwaka 1987 na tena 1988, miaka saba na minane baada ya Moscow. Hata kwake yeye, umbali mkubwa ulikuja juu ya msingi wa miaka mingi.

Bunda hufundisha adabu nyingine. Barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Sirari inapita katikati ya mji, na malori ya kwenda mpakani hayana muda na mtu wa joging. Huko kimbia upande wa kulia, uso ukielekea magari yanayokuja, uyaone kabla hayajakufikia, na vipokea sauti viache nyumbani. Ukiingia vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, kama Kunzugu au Hunyari, usitoke kabla hakujapambazuka vizuri, kwa sababu tembo wanaovamia mashamba usiku huenda hawajarudi porini. Wenyeji watakwambia asubuhi ile wameonekana wapi. Ndiyo faida nyingine ya kuweza kusema na watu: habari za njia hupewa aliyesalimia.

Butiama iko juu zaidi, na njia zake hupanda na kushuka kati ya mawe makubwa. Hapo mwanagenzi hugundua kwamba kilometa ya huku na ile ya Makoko hazilingani hata kama saa ya mkononi inasema sawa. Kanuni ni kushika pumzi ileile, si kasi ileile. Mlimani hatua ziwe fupi, mabega yalegee, macho yaangalie mita chache mbele. Kama kupanda kwa namna hiyo kunakufanya uende sawa na mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani, basi nendeni pamoja na mzungumze. Utafika juu na nguvu zako.

Mwanamke anayeanza mbio ana kazi ya ziada. Binti aliyeongoza nyimbo za mchakamchaka akiwa darasa la sita, akikimbia peke yake miaka ishirini baadaye, husikia maneno ya vijiweni ambayo kaka yake hayasikii. Wawili au watatu wakitoka pamoja, maneno hupungua, na mazungumzo yao yenyewe huwa kipimo cha kasi. Hapo kundi si anasa.

Anayetafuta kutiwa moyo husimuliwa habari za John Stephen Akhwari: Mexico, Oktoba 1968, Mtanzania aliyeanguka njiani katika marathoni, akaumia goti, akaendelea na bandeji mguuni, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni habari tukufu, na kwa mwanagenzi ni mwongozo mbaya. Akhwari alikuwa mwanariadha aliyekomaa, amevaa jezi ya taifa, kwenye mashindano ambayo mtu huweza kuyapata mara moja tu maishani. Wewe uko Bweri siku ya Jumanne, na Alhamisi unataka kutoka tena. Kuhema ni dalili ya kupunguza mwendo. Maumivu makali ya mfupa au ya goti ni amri ya kusimama. Kuzitofautisha hali hizo mbili ni sehemu ya ustadi, na kurudi nyumbani kwa miguu baada ya dakika kumi si kushindwa.

Siku ya nusu saa isiyokatika ikifika, haitoi tangazo. Dakika kumi za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, kwa kuwa pumzi bado haijakaa sawa, na akili hutafuta kila kisingizio cha kusimama: kamba ya kiatu, simu, mvua ya mbali upande wa ziwa. Wengi huamini kwamba kama mwanzo ni hivi, mwisho utakuwa mbaya zaidi. Sivyo. Baada ya hapo, kwa aliyejizuia, moyo hupata mdundo wake na miguu huacha kulalamika. Dakika ya ishirini hupita hujaiona, kwa sababu ulikuwa unajibu maswali ya mama muuza vitumbua. Ya thelathini inapotimia, unagundua kwamba ungeweza kuongeza tano, na mkimbiaji aliyeiva haziongezi.

Hapo ndipo ninapouona uzuri wa kazi hii. Ufundi mwingi hupimwa kwa kile mtu alichotoa. Huu, kwa anayeanza, hupimwa kwa kile alichobakiza. Hata kileleni mwa mchezo mambo hayaendi mbali na hapo. Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule aliopewa Amanal Petros wa Ujerumani, na picha ya kwenye mstari ndiyo iliyowatenganisha. Baada ya kilometa 42, alikuwa bado amebakiza kitu kwa ajili ya hatua za mwisho.

Kwa hiyo anayemaliza nusu saa yake ya kwanza asikimbilie kutafuta saa nzima. Kesho apumzike. Keshokutwa arudie umbali uleule, polepole vilevile, na wiki inayofuata aongeze kidogo. Nusu saa ya kwanza humpa mtu hadithi ya kusimulia; anayeirudia mara ya pili bila kujikokota ndiye ameanza kuwa mkimbiaji.