Mwana Kupona hakuanza na mume

MWEZI uliopita nilialikwa harusini. Chakula kilipokwisha kuliwa, mfawidhi alishika kipaza sauti akaanza kumsomea bi harusi beti kutoka Utendi wa Mwana Kupona. Alizisoma vizuri mno, kwa mapigo yake sawasawa. Alisoma zile za kumpepea mume akilala na kutomwamsha, za kumsinga na kumwogesha, za kumfukizia udi asubuhi na jioni, na za kutotoka nje bila ruhusa yake. Vigelegele vikajaa ukumbini. Muda huo wote bwana harusi alikuwa anabofya simu yake.

Mke wangu aliniinamia akaninong'oneza: "Mzee, na huyu kijana naye kapewa utendi gani?"

Sikumjibu. Mfawidhi yule nilimfundisha mimi. Beti alizochagua ndizo nilizokuwa nikizichagua darasani, na kwa miaka mingi mtihani wangu ulikuwa na swali moja ambalo nililiona zuri: "Jadili wajibu wa mke katika Utendi wa Mwana Kupona." Wanafunzi walilipenda kwa sababu jibu lake ni orodha. Ukikariri orodha, umepita.

Kisa cha harusi pekee kisingenifanya niandike makala haya. Ila yupo mwanafunzi wangu mwingine wa zamani, mama wa watoto wawili na mwalimu wa sekondari sasa, aliyenijia ofisini miaka kadhaa iliyopita kutafuta barua ya mapendekezo. Tulipokuwa tukizungumza aliniambia, bila hasira yoyote, kwamba alikaa miaka saba na mume aliyempiga. "Prof," akasema, "kila nilipofunga mizigo niondoke, nilikumbuka zile radhi tano ulizotufundisha. Nikafungua mizigo tena."

Nimefundisha fasihi karibu miaka 35. Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Jioni ile nilirudi nyumbani nikautoa utendi rafuni nikausoma upya kuanzia ubeti wa kwanza, kama mtu aliyeambiwa kuwa dawa aliyowapa watu ilikuwa na karatasi ya maelezo ambayo hakuisoma.

Tuanze na mambo tunayoyajua. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Pate, katika Kaunti ya Lamu ya leo. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyekataa kuinama mbele ya Sultani wa Zanzibar na akapigana na majeshi yake. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utendi ulitungwa 1858, wakati mtunzi ni mjane na amekuwa kitandani mwaka mzima kwa maradhi. Miaka miwili hivi baadaye naye akafariki. Anamwita bintiye, Mwana Hashima, asogee karibu na wino na karatasi ili ampe wosia.

Tafadhali msomaji, kaa hapo kidogo. Anayesema ni mama anayehisi kuwa hana muda, na anayeandika ni msichana anayesikia sauti ya mamaye ikififia. Wosia wa namna hiyo huwa na mpangilio wake. Mtu anayeaga huanza na lile analoona kuwa likipotea, yote yamepotea.

Na Mwana Kupona anaanza na nini? Anaanza na dini: binti ashike faradhi, na sunna akiweza. La pili ni adabu, na ulimi mwema utakaomfanya apendwe popote aingiapo. La tatu ndilo lililonishtua jioni ile, kwa maana nilikuwa nimelipita mara mia bila kuliona. Anamtaka binti awe mkweli, na mtu asiyeshika haki asifuatane naye njiani.

Mume hajatajwa bado. Kwa hiyo kabla binti hajaambiwa namna ya kumtunza mume, amekwisha kupewa kipimo cha kumpimia mtu yeyote atakayetembea naye: anashika haki ama hashiki? Sasa niambie, mume anayempiga mkewe usiku na kuamka asubuhi akidai chai, anashika haki gani? Na ndoa ni njia gani ikiwa si ile ndefu kuliko zote ambazo watu wawili hufuatana?

Nilipokuwa nikifundisha, nilianzia kwenye radhi tano. Nilizikata beti za mwanzo nikaziita "utangulizi wa kidini", jina ambalo sisi wahakiki huzipa beti tusizotaka kuzisoma. Sikuwa peke yangu. Utendi huu ulipochapishwa Uingereza mwaka 1934 kwa uhariri wa Alice Werner na William Hichens, ulipewa kichwa cha Kiingereza kinachosema kuwa ni ushauri wa Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Werner alikuwa msomi hodari na tunamwia deni kubwa. Lakini kichwa kile kiliuminya wosia mzima ukawa sura moja tu. Msomaji akikutana na kichwa cha namna hiyo huanza kutafuta mke na wajibu wake, na akishawapata hutosheka.

Kisha kuna neno lenyewe, radhi. Huku bara wanafunzi wetu wanalijua kwa "kuomba radhi", yaani kuomba msamaha, au "niko radhi", yaani nakubali. Wakikutana nalo katika utendi huu wanalichukua kama ruhusa, au amri: mume akitaka, basi. Pwani neno hilo lina uzito mwingine. Radhi ni kuridhika kwa moyo, na baraka inayotokana na kuridhika huko. Mzazi humpa mwana radhi zake na mwana akaondoka amefunguliwa njia. Radhi haipatikani kwa mtu kupokonywa kitu. Hutolewa na moyo uliotendewa mema.

Nazo radhi tano zimepangwa. Ya kwanza ni ya Mungu, ya pili ya Mtume wake, kisha baba, kisha mama, na ya mwisho ndiyo ya mume. Mimi nilifundisha ya tano kana kwamba ndiyo ya kwanza. Nikasahau kanuni ambayo wanazuoni wa Kiislamu wameifundisha vizazi na vizazi, kwamba hakuna kumtii kiumbe katika jambo la kumuasi Muumba. Radhi ya tano haiwezi kuila ile ya kwanza.

Wakristo wasicheke, maana yao ni yale yale. Ni harusi ngapi tumehudhuria ambapo mhubiri anafungua Waraka kwa Waefeso, sura ya 5, mstari wa 22, ule wa wake kuwatii waume? Mstari wa 21, unaowataka waumini watiiane wote, huachwa ukurasani. Halafu kuanzia mstari wa 25 mume naye anapewa mzigo wake, ampende mkewe kiasi cha kujitoa kwa ajili yake, na maelezo ya mzigo huo ni marefu kuliko ya mke. Hapo mhubiri hukumbuka kuwa muda umeyoyoma na keki inangoja kukatwa.

Turudi Pate. Katikati ya mawaidha yake Mwana Kupona anasimama na kutoa ushahidi wa ndoa yake mwenyewe. Anasema waliishi kwa furaha, hawakuteta, yeye hakupata ubaya kutoka kwa mumewe wala mume hakupata ubaya kutoka kwake. Saa ya kufa ilipofika, mume alimkariria kuwa yuko radhi naye. Tangu siku ile, asema, hajanyamaza kulia kila akumbukapo.

Hizo ndizo beti ninazoziona kuwa roho ya utendi huu, na ndizo ambazo mfawidhi hakuzisoma. Ushahidi huo una watu wawili ndani yake. Kule kupepea na kufukiza udi kunatoka katika nyumba ambamo mume naye hakumtenda mkewe ubaya. Huyu mpiganaji wa Siyu, mtu aliyewatisha majemadari, ndani ya nyumba yake alikuwa na mwenendo ambao mkewe aliweza kuushuhudia mbele ya binti yao bila kuona haya. Ukiuondoa mwenendo huo wa mume, ukabakiza kipepeo tu mkononi mwa mke, umeutoa ushauri ndani ya nyumba ulimozaliwa.

Hata hivyo, nisije nikautetea utendi hadi nikaupaka chokaa. Kuna ubeti unaosema kwamba siku ya kiyama mume ndiye atakayeulizwa kuhusu mkewe: akitaka aende peponi, atakwenda, akisema atiwe motoni, hana budi. Hapo sina utetezi. Naweza kusema, na ni kweli, kwamba Uislamu unafundisha kuwa kila nafsi itajibu kwa matendo yake. Lakini hiyo ni hoja yangu kutoka nje ya utendi. Ubeti umesimama pale pale, na mwanafunzi wangu aliufungulia mizigo.

Kuna pia watumwa. Binti mwenye kuagizwa awe na adabu popote aingiapo anaambiwa wakati huo huo asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Huo ulikuwa ulimwengu wa matajiri wa Pate wa karne ya 19, na tabia njema waliyoihubiri ilifika kwenye mlango wa mtumwa ikasimama. Ni sharti tuyaseme haya darasani. Hatuwezi kuupokea utendi kama mizani ya milele katika ndoa huku tukijifanya hatuoni mahali mizani hiyo ilipolemaa.

Wapo wahakiki waliojaribu njia nyingine. Ann Biersteker, kwa mfano, aliuangalia upya utendi huu kwa kuuliza juu ya lugha na mamlaka. Tangu hapo wengi wameuegemea ule ubeti unaomtaka mke amtunze mume kama mtoto asiyejua kunena. Wanasema hapo kuna kejeli: mama anamwonyesha binti kuwa bwana mkubwa huyo ni mtoto tu, na anayemlea ndiye mwenye nguvu. Ni usomaji mtamu, na nimewahi kuufurahia. Siku hizi nauonea shaka. Mwanamke aliyepigwa hasaidiki kwa kuambiwa kwamba, ukimsoma mtunzi kwa jicho la pembeni, yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka. Aidha, kilio cha mjane yule nakisikia kama kilio. Sisikii mzaha ndani yake.

Kwangu njia iliyo nyofu ni ya kusoma kila kitu na kuuliza ni nani aliyeachwa nje. Aliyeachwa nje ni kijana wa simu. Mwana Kupona alikuwa mama anayemuusia binti, kwa hiyo hatumlaumu kwa kutomuusia mkwewe. Tunaopaswa kulaumiwa ni sisi tuliouchukua wosia wa mama mmoja kwa binti mmoja tukaufanya kanuni ya kila harusi, kisha tukamwacha mume bila wosia. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina na kubaki na watoto, alimtungia binti Utenzi wa Hati na mwana wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Unaweza kubishana naye kuhusu aliyoyasema katika kila mmoja, na mimi hubishana naye, lakini alijua kuwa ana watoto wawili wa kuonywa. Ni mara ngapi umesikia Utenzi wa Adili ukisomwa harusini, bwana harusi amesimamishwa mbele ya watu, simu mfukoni, masikio wazi?

Yupo atakayesema kwamba mambo haya yamekwisha, kwamba tuna Katiba ya 2010 na ibara yake ya 45 inayowapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na hata ndoa ikivunjika. Ni kweli. Lakini mwanafunzi wangu alikuwa na Katiba hiyo rafuni pamoja na utendi, na usiku ule uliomsemesha ni utendi. Sheria humfikia mtu akiwa kituo cha polisi. Beti zinakaa naye jikoni. Ndiyo sababu namna tunavyozifundisha si mchezo.

Swali langu la mtihani nimelibadilisha. Sasa linasema: "Mwana Kupona anamuusia binti yake mambo gani kabla ya kumtaja mume, na mambo hayo yanampima vipi mume mwenyewe?" Wanafunzi wananung'unika kwamba ni gumu, maana halina orodha. Mvulana mmoja alinifuata baada ya karatasi akaniuliza kama ule wosia wa kushika haki unamhusu na yeye, hali utendi ni wa wasichana. Nikamwambia aketi. Tulizungumza hadi bawabu akaja kufunga mlango.

Yule mwalimu wa sekondari alipata barua yake, na kazi pia. Anaishi na wanawe. Mwaka huu atafundisha ushairi kidato cha tatu na ameniomba nakala ya utendi, maana yake aliichoma.