Tarumbeta Mbele, Mapinduzi Nyuma

Msanii akialikwa na serikali, sisi huwa na majibu mawili tu. Kuna wale wa kusema ameenda kutafuta riziki, mwacheni. Na kuna wale wa kusema ameshanunuliwa. Filamu ya Johan Grimonprez ya mwaka wa 2024, Soundtrack to a Coup d'Etat, haikubali jibu lolote kati ya hayo. Kwa sababu hiyo nataka kila msanii wa Nairobi aione, ingawa ina dakika 150 na haikupi nafasi ya kupumua.

Hadithi ni hii. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Kufika Oktoba, waziri mkuu Patrice Lumumba alikuwa ameshafutwa, Mobutu amechukua usukani, na nyumba ya Lumumba pale Léopoldville, leo Kinshasa, imezingirwa na wanajeshi. Mwezi huohuo, mji huohuo, akatua Louis Armstrong na tarumbeta yake, katika ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani pamoja na kampuni ya Pepsi. Watu walimbeba juu kwa juu kwenye kiti kama mfalme. Novemba akapiga Katanga, jimbo lililojitenga kwa msaada wa Wabelgiji, ambalo migodi yake ilitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Januari 17, 1961, Lumumba akauawa hukohuko Katanga.

Grimonprez, ambaye mwenyewe ni Mbelgiji, haweki msimulizi wa kukuelezea. Anakuwekea picha za zamani, hotuba za Umoja wa Mataifa zikikatwa na ngoma za Max Roach, na maandishi yanayotaja mpaka ukurasa wa kitabu yalikotoka. Kuna saa unajikuta unatingisha kichwa kwa mdundo, kisha unasoma kilicho kwenye skrini na shingo inasimama. Hapo unaelewa jinsi umati wa Léopoldville ulivyosahaulishwa, maana na wewe umesahaulishwa sasa hivi.

Lakini Armstrong hakuwa mjinga, na filamu hii haimchori hivyo. Mwaka wa 1957, Gavana Orval Faubus alipotumia wanajeshi kuwazuia wanafunzi 9 weusi kuingia shule pale Little Rock, Armstrong alikataa kwenda Urusi kuiwakilisha serikali ya Marekani. Alisema wazi, na wengi walimkasirikia. Sasa mtu kama huyo alitumikaje miaka 3 baadaye? Mimi naona ni hivi: nyumbani alijua bunduki imeshikwa na nani. Kongo alionyeshwa umati uliojaa furaha, na ile furaha ilikuwa ya kweli. Hiyo ndiyo inauma.

Abbey Lincoln anasimama upande ule mwingine. Yeye na Max Roach walirekodi We Insist! mwaka wa 1960. Februari 15, 1961, habari za kifo cha Lumumba zikiwa mbichi, Lincoln, Maya Angelou na wenzao waliingia ndani ya Baraza la Usalama pale New York wakapiga kelele mpaka kikao kikavurugika. Hawakuwa wamealikwa na yeyote.

Nina lalamiko moja kubwa. Wanajazi wa Marekani wanapewa mashaka, hasira na aibu. Wanakuwa watu kamili. Wanamuziki wa Kongo wanapita kama rangi ya mandhari. Na bendi ya Grand Kallé iliitwa African Jazz, jamani! Ilikuwepo Brussels mwaka wa 1960 wakati uhuru wenyewe ukijadiliwa, na huko ndiko ulikotoka wimbo Indépendance Cha Cha. Andrée Blouin na mwandishi In Koli Jean Bofane wanaipa Kongo sauti nzito humu ndani, lakini mimi nilitaka kusikia mpiga gitaa wa Kinshasa aliwaza nini Armstrong alipotua.

Katikati ya picha za zamani yanachomoza matangazo ya magari ya Tesla na simu za iPhone. Usicheke haraka. Muungano wa waasi ulio na M23 ndani yake ulitangazwa hapa hapa Nairobi, Desemba 2023. Januari 2025, M23 wakauteka Goma. Sisi tulikuwa wenyeji wa ile sherehe.

Tangu vijana waingie barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, tumekuwa tukiwauliza wasanii wetu wako upande gani. Filamu hii inauliza kitu kigumu zaidi: saa hii unapopiga, ni nani angependa kuwa kwenye huu umati na amefungiwa nyumbani, kilomita chache kutoka jukwaani?

Itafuteni muitazame mkiwa wengi. Ikiisha mtabishana mpaka usiku.