Nakala ya Mlio: Programu za Kusawazisha Sauti na Meza za Kale Zinazoigwa

Neno kusawazisha, litumikapo katika kazi ya kurekodi, lina maana ya kuongeza au kupunguza nguvu ya sehemu moja ya sauti, ikiwa nene au nyembamba, bila kuzigusa mno sehemu nyingine. Zamani kazi hii ilifanywa na vyombo vya umeme vilivyotiwa ndani ya meza kubwa za kurekodia. Leo aghalabu hufanywa na kompyuta. La kustaajabisha ni kwamba kompyuta, iwezayo kusawazisha sauti bila kuongeza doa lolote, hutakiwa na mafundi wengi iige vyombo vile vya kale pamoja na kasoro zake. Programu za namna hii ni nyingi, nazo husifiwa sana. Walakini sifa si uhakiki. Yapasa kuulizwa zinanakili nini hasa, na kwa kipimo gani mtu aweza kusema kwamba hii ni njema na ile ni mbovu.

Miongoni mwa vyombo vilivyoigwa mara nyingi ni kile kiitwacho 1073, kilichobuniwa mwaka 1970 na kampuni ya Rupert Neve, fundi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2021. Sauti huingia humo kwa transfoma na kutoka kwa transfoma. Sehemu ya juu husawazishwa kwenye mitetemo 12,000 kwa sekunde, wala fundi hana hiari ya kuchagua pengine. Sehemu ya kati ina vituo sita tu, kuanzia mitetemo 360 hadi 7,200. Na ya chini ina vinne, yaani 35, 60, 110 na 220. Umbo la kusawazisha sehemu ya kati hufanywa na koili na kapasita, na koili, kama transfoma, ina chuma ambacho hulemewa kidogo sauti inapozidi nguvu. Kulemewa huko huzaa mitetemo mipya ambayo haikuwamo katika sauti ya kwanza.

Wenye kuiga chombo hiki hufuata mojawapo ya njia mbili. Wako wachukuao ramani ya umeme na kukokotoa mwendo wa kila rezista, koili na transista. Na wako wakipimao chombo kizima kwa nje, wakaandika alichojibu kwa kila sauti aliyopelekewa. Kampuni ya Acustica Audio ya Italia imejulikana kwa njia hii ya pili. Tofauti yao ni kama ya mfasiri ajifunzaye sarufi ya lugha ngeni na yule akaririye mazungumzo ya wenyeji: wa kwanza aweza kukosea lafudhi, na wa pili aweza kukwama aulizwapo jambo ambalo hakulisikia.

Lakini kabla ya kuulizwa njia, huna budi kuulizwa swali lililotangulia: ni 1073 ipi? Wachunguzi wa miswada walijua jambo hili zamani. Utenzi ulionakiliwa na waandishi kadha hupatikana katika miswada inayohitilafiana, na mhariri mwaminifu hueleza ameutegemea upi. Vyombo vya umeme ni vivyo hivyo. Rezista na kapasita hazikuwa sawasawa hata siku zilipotoka kiwandani, na miaka hamsini ya joto la studio imezidi kuzitenganisha. Kwa hiyo programu ijiitayo kwa jina la chombo fulani mara nyingi ni nakala ya mswada mmoja, ikapewa cheo cha utenzi wenyewe. Kampuni ya Brainworx ya Ujerumani imelikabili swali hili waziwazi: katika baadhi ya programu zake fundi hupewa njia 72 za sauti, na kila njia ina hitilafu zake ndogo, kama ilivyokuwa katika meza halisi. Yamkini wasikilizaji wengi hawatazitambua hitilafu hizo. Hata hivyo ni uungwana wa kitaalamu kukiri kwamba asili haikuwa moja.

Kuna kikwazo kingine kitokacho katika hesabu yenyewe. Sauti iliyowekwa katika kompyuta kwa vipimo 44,100 kila sekunde haiwezi kubeba mitetemo zaidi ya 22,050. Chombo cha umeme hakina dari ya namna hiyo. Kinapoongeza sehemu ya juu, ongezeko lake huendelea taratibu hata kupita masikio ya binadamu. Njia ya hesabu iliyozoeleka hulichukua anga hilo lote na kulikunja chini ya dari, hata umbo lililokuwa pana likaonekana limebanwa ukingoni. Mwaka 1997 Sophocles Orfanidis alichapisha njia ya kuurekebisha ubanaji huo, na wengine hufanya hesabu kwa vipimo vingi zaidi kisha wakarudi chini. Programu isiyofanya lolote katika hayo ina ubaya ambao taswira ya vifundo vya kale haiwezi kuuficha.

Katika kasoro zinakiliwazo yafaa kupambanua. Kulemewa kwa chuma kulifuata sauti: mwimbaji akipaza, chombo kikajibu, akinyamaza, nacho kikanyamaza. Hiyo ilikuwa sehemu ya usemi wa chombo, na fundi aliitumia kwa kukusudia. Lakini mvumo wa umeme ulikuwapo mtu aimbe asiimbe, na mafundi wa zama zile walipigana nao usiku na mchana. Programu itiayo mvumo huo makusudi hufanana na mwandishi anakiliye mswada pamoja na matundu ya mchwa. Baadhi ya programu zina swichi ya kuuzima; yenye swichi hiyo ina nusu ya busara.

Kinyume chake, jambo lililostahili kuhifadhiwa kuliko yote huachwa upesi. Vituo sita vya sehemu ya kati vilimlazimisha fundi aamue kwa sikio, kisha aendelee na kazi. Mtungaji wa shairi afungwaye na mizani hujua faida ya kifungo cha namna hiyo. Programu iongezayo vituo visivyo na idadi yaweza kuwa chombo bora, lakini imekwisha kuwa utungo mpya, wala haifai kuuzwa kwa jina la tafsiri.

Limebaki suala la lugha. Wasifuo programu hizi kwa Kiingereza hupenda kusema kwamba sauti yake ina joto, na neno hilo limeanza kufasiriwa vivyo hivyo kwa Kiswahili. Sifa hiyo hufunika matendo matatu mbalimbali: kuongezwa kwa sehemu ya chini, kupunguzwa kwa sehemu ya juu, na kuzaliwa kwa mitetemo mipya. Kiswahili husema sauti ni nene, nyembamba, kali, nyororo au ya kukwaruza, na kila neno humwelekeza msikilizaji mahali pake. Mwandishi aachaye maneno hayo na kushika joto hubadili fedha halali kwa sarafu isiyojulikana thamani.

Basi kipimo cha haki ni hiki. Asili na nakala zisawazishwe kwanza kwa nguvu, kwa kuwa sauti iliyozidi kidogo huonekana nzuri kwa sababu ya kuzidi tu. Kisha uso wa programu ufichwe, msikilizaji ahukumu kwa sikio pekee. Programu nyingi zitafaulu vizuri katika mtihani huo, na baadhi zitashangaza. Hata hivyo kwa mafundi wengi wa leo mlango wa studio yenye meza ya kale haukufunguka kamwe, nao huijua asili kwa kupitia nakala hizi tu. Kwao kosa la mnakili halitaonekana kuwa kosa: litakuwa ndiyo 1073. Kwa ajili yao mnakili hana budi kuandika pembeni mwa kazi yake ni mswada upi aliounakili, na ni wapi alipoongeza la kwake.