Mwanamke wa Shoka katika Hadithi Zetu

Kiswahili kina majina mawili kwa mwanamke asiyetishika. La kwanza ni jikedume, na hilo hutamkwa kwa kukunja uso, kana kwamba ushupavu ni mali ya wanaume naye ameuiba. La pili ni mwanamke wa shoka, nalo ni jina la sifa. Makala haya yanamhusu huyo wa pili: amepewa nafasi gani katika fasihi yetu, na kwa nini mara nyingi twamkuta pembeni mwa kisa badala ya kumkuta katikati yake.

Darasani suala hili si geni. Wanafunzi wa sekondari huulizwa mara kwa mara juu ya nafasi ya mwanamke katika vitabu walivyosoma, na jibu huja katika orodha ile ile: amechorwa kama mlezi, kama mshauri, kama chombo cha starehe, kama jasiri. Neno jasiri likishaandikwa, mwanafunzi huhamia hoja inayofuata. Lakini ni ujasiri wa nani, dhidi ya nani, na kwa gharama gani? Orodha haiulizi.

Tuwatazame kwanza wale waliowekwa katikati. Rosa, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), riwaya ambayo kwa wakati fulani ilizuiwa mashuleni, ni msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa Zakaria, baba yake mlevi. Apatapo uhuru hajui autumieje, na mwisho wake ni kujiua. Tatu, katika Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, anawakaidi wazazi wake na kujichagulia mume, na ndoa hiyo inamvunjikia. Maimuna wa Utengano (Said Ahmed Mohamed, 1980) anaikimbia nyumba aliyofungiwa, akatumbukia katika ulevi na umalaya kabla ya kupata pa kusimama tena. Waandishi hawa si maadui wa mwanamke. Hasira yao ni juu ya akina baba na desturi zilizowalea. Hata hivyo mwendo wa visa ni mmoja: msichana anafungiwa, anavunja mlango, kisha dunia inamvunja yeye. Msichana wa kidato cha tatu asomaye vitabu hivyo kimoja baada ya kingine atajifunza nini juu ya milango?

Nguvu tunayoitafuta imekaa kwa wahusika wa pembeni. Regina, mama yake Rosa, anapigwa na mumewe na bado ndiye anayeishikilia nyumba isianguke. Wanafunzi wengi humpa sentensi moja tu, ya huruma.

Kwa maoni yangu, hapana mwanamke wa kutisha zaidi katika riwaya ya Kiswahili kuliko Bi Farashuu wa Utengano. Ni bibi mzee, mkunga. Mali hana, cheo hana. Maksuudi, mwenye nyumba na mwenye siasa, amewafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna, na mlango wake hauingiliki. Lakini uchungu wa uzazi hauombi ruhusa ya bwana. Siku Tamima anaposhikwa na uchungu, mkunga huitwa, na huyo aitwaye ana deni la zamani na Maksuudi kwa sababu ya Mwanasururu, ambaye bwana huyo alimwoa na kumdhulumu. Mwandishi amefanya hapa jambo la maana sana. Hakumpa Farashuu nguvu za kuazima kutoka kwa wanaume. Amempa ile ambayo kila kijiji na kila mtaa wetu unaijua, elimu ya mikono ya mkunga, na kwa elimu hiyo ameifungua nyumba ambayo pesa na vyeo viliifunga.

Farashuu si mwema. Kisasi chake hakichagui, kinamgusa hata binti ambaye hakumkosea. Hapa ndipo walimu wengi husita, kwa kuwa tumezoea kuuliza kama mhusika ni wa kuigwa. Hakuna anayewataka wanafunzi wamwige bibi huyu. Tunachotaka ni watambue kwamba aliyeonewa anaweza kuwa mkali, mwerevu na mwenye kudhuru, yote kwa pamoja, na kwamba kumwita jasiri peke yake ni kumpunguza. Katika kitabu hicho hicho yumo Bi Kazija, ambaye humwaibisha Maksuudi kwa kumkutanisha na mwanawe mwenyewe nyumbani kwake. Kicheko cha tukio lile kina makali kuliko hotuba nyingi za ukombozi.

Mwajuma wa Vuta n'kuvute (Shafi Adam Shafi, 1999) ana nguvu ya namna nyingine. Yasmin anapokataliwa na jamaa zake, Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo ya Unguja, humfungulia chumba chake bila ya kumhesabia. Penina Muhando naye, katika tamthilia ya Nguzo Mama (1982), amewaweka wanawake katikati ya jukwaa, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane, lakini nguzo wanayotaka kuisimamisha haisimami. Ni ukweli mchungu, na mwandishi alikuwa na haki ya kuusema.

Sasa tulinganishe na maisha. Atokaye Kivukoni kwenda Kariakoo kwa miguu hana budi kuvuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwanamke huyo, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 aliingia TANU, akawafikia wanawake wa mji huu kwa njia ya vikundi vile vile vya ngoma, ambavyo wengi waliviona kuwa ni mchezo tu. Baadaye alishtakiwa katika kesi ya uhaini ya mwaka 1970, akafungwa, akaachiwa mwaka 1972, akaishi hadi mwaka 2000. Siti binti Saad, mwuza vyungu aliyetoka Fumba na kufika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Kwa nini wanawake hawa wamekaa katika wasifu na historia, na riwaya haina wa kulingana nao? Nadhani sababu ni kwamba mwandishi wa wasifu hana ruhusa ya kumwangamiza mhusika wake ili msomaji apate fundisho. Mwandishi wa riwaya anayo ruhusa hiyo, na wetu wameitumia mno.

Aliyekaribia kuliziba pengo hili ni Emmanuel Mbogo katika Watoto wa Mama Ntilie (2002). Mume, Lomolomo, ni mlevi. Watoto wamefukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Mama anauza chakula mjini Dar es Salaam. Tazama jina lake: ni sauti ya mteja anayenyoosha sahani, Mama, n'tilie! Hata kichwa cha kitabu kinawataja watoto kwanza. Riwaya inawalilia watoto hao, na inastahili kulia, lakini inampita haraka mama akiwa kazini.

Alfajiri pale Feri, pantoni ya Kigamboni ikishusha watu, akina mama wamekwisha kuinjika uji, na wengine wako mnadani wakigombea ndoo ya samaki na wanaume wenye sauti kubwa kuliko zao. Mmoja anajua kichwani bei ya mkaa, kiasi cha mchele, nani alikula jana kwa mkopo na nani hatalipa. Mwalimu anayefundisha kitabu cha Mbogo anaweza kuanzia hapo. Awape wanafunzi kazi ya kupiga hesabu ya siku moja ya Mama Ntilie, toka mtaji wa asubuhi hadi sufuria tupu ya jioni, kisha waandike ukurasa ambao riwaya haikuuandika.