Kuwinda Mkato

Lori la mzigo wa Kongo likitoka Dar es Salaam hupita Iringa, Makambako na Mbeya ndipo lifike mpakani Tunduma. Karatasi zake hupita kwingine, kwenye seva ya msafirishaji. Ni huko nilikomwona kazini fundi mmoja wa Kihesa, Iringa, ambaye wateja wake wengi wako Mbeya.

Tatizo aliloitiwa lilikuwa la kuudhi. Mzigo wa tani 27.5 ulikuwa ukiingia kwenye hifadhidata kama tani 27, lakini si kila mara. Mhasibu akiirudia ankara ileile, inatoka sawa. Baada ya chai, nusu tani imeyeyuka tena. "Dada, hii mashine imerogwa," mhasibu alimwambia. Dada hakubisha, wala hakuizima seva. Wapo mafundi ambao wangeizima na kuiwasha, kosa likajificha kwa muda, wao wakachukua pesa yao na kuondoka.

Alianza na jambo dogo: kila ankara iandikwe kwenye logi pamoja na namba ya mchakato ulioihudumia. Apache, programu inayotoa kurasa za seva hiyo, katika mpangilio wake wa zamani huendesha michakato mingi sambamba, na kila ombi huangukia mmojawapo. Kufikia jioni, ankara mbovu zote zilikuwa zimetoka kwenye michakato ileile michache. Ndiyo maana kosa lilikuja na kuondoka: lilitegemea mhasibu ameangukia mchakato upi.

Kisha akaiwasha nakala ya majaribio kwa amri ya -X, inayoifanya Apache ibaki na mchakato mmoja tu. Hapo bahati ikaondolewa mchezoni. Akafungua ankara: 27.5. Akafungua ukurasa wa ratiba, ulioandikwa kwa Python, unaotaja miezi kwa Kifaransa kwa ajili ya wateja wa Lubumbashi. Akarudi kwenye ankara, iliyoandikwa kwa PHP 7: 27,5. Alirudia mara kadhaa bila haraka, akibadilisha mpangilio wa kurasa, mpaka hakubaki na shaka.

Lokeli, yaani mpangilio wa lugha, tarehe na namba, ni mali ya mchakato mzima. Moduli mbili, ya Python na ya PHP, zikiishi ndani ya mchakato mmoja wa Apache ni wapangaji wanaogombea swichi moja ya taa ya korido. Python iliomba lokeli ya Kifaransa kwa kila kitu, ilhali ilihitaji majina ya miezi tu, na haikuirudisha ilivyokuwa. Yenyewe haikuumia, kwa kuwa inapogeuza namba kuwa maandishi kwa njia ya kawaida haiangalii lokeli. PHP 7 huangalia, ikaweka mkato penye nukta. Hifadhidata isiyowekewa masharti makali iliposoma '27,5' iliishia kwenye mkato, ikahifadhi 27 na kutoa onyo ambalo hakuna aliyelisoma.

Tusiwalaumu Wafaransa peke yao. Katika CLDR, hazina ya kanuni za lugha inayotumiwa na programu nyingi duniani, Kiswahili cha Tanzania hutenga desimali kwa nukta na Kiswahili cha Kongo kwa mkato. Kwa hiyo ankara ya Tunduma inaweza kuharibika hata ikiandikwa kwa Kiswahili pande zote mbili.

Tiba yake haikuchukua mistari mingi. Python ikaachiwa LC_TIME pekee, inayohusu tarehe. Moduli yake, mod_wsgi, ikahamishiwa kwenye michakato yake yenyewe. Hifadhidata nayo ikawekewa masharti ya kukataa namba isiyoeleweka badala ya kuikata kimyakimya. Hili la mwisho hakuombwa, na kwangu ndilo lililomtofautisha na wengine.

Tangu PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, kugeuza desimali kuwa maandishi hakufuati tena lokeli, ingawa printf yenye %f bado huifuata. Toleo la 7.4, la mwisho katika ukoo wa 7, liliacha kupokea marekebisho ya usalama Novemba 2022. Kama ankara zako bado zinatolewa na ukoo huo, mwite fundi kabla ya mwisho wa mwezi.